Bolti ya oili ikivuja usiizibe kwa sabuni, rekebisha tundu lake

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote wa ukurasa huu wa barua. Naomba nafasi niseme jambo ambalo linaumiza watu wengi hasa vijana wetu wa bodaboda na silioni likisemwa, nalo ni hii bolti ya chini ya injini, ile ya kumwagia oili, pale thredi zake, yaani yale meno ya kuzungukia, zinapokufa na oili ikaanza kudondoka. Najua kuna watakaosema hivi na hili nalo ni la kuandikia gazeti, nawajibu ndio, ni la kuandikia, maana injini zinakufa kwa sababu yake, vijana wanapoteza pikipiki za mkataba kwa sababu yake, na wapo wanaoanguka barabarani kwa sababu yake.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Mbagala, na gari ndogo nagusagusa pia. Kila wiki lazima ije pikipiki ambayo pale chini pameshazibwazibwa na kila aina ya kitu, na ukimuuliza kijana anakwambia fundi wa kijiweni kaniambia hii ni kawaida tu, niwe naongeza oili. Sio kawaida jamani. Pikipiki ikitoka kiwandani haidondoshi hata tone.

Hebu tuanze na hesabu ndogo watu waelewe. Pikipiki nyingi za cc 125 mpaka 150 zinabeba oili kama lita moja na kitu kidogo, basi, hakuna akiba nyingine. Sasa ikidondosha tone moja kila sekunde, yaani kitu ambacho mtu anakiona ni kidogo sana, ndani ya saa moja imeshatoa si chini ya mililita 100. Kijana yuko barabarani tangu alfajiri mpaka usiku, oili ikipata moto inakuwa nyepesi kama maji inatoka zaidi, mchana hajala hata chakula nusu ya oili imeshabaki njiani. Na hizi pikipiki nyingi hazina taa ya kuonyesha oili imepungua kama gari, kwahiyo kitu cha kwanza kumpa taarifa ni injini yenyewe kuanza kugonga, au inajam akiwa kwenye mwendo na abiria nyuma. Hapo ndio unasikia pistoni, ringi, silinda, mara koni rodi nayo, na bosi anataka hesabu yake ya siku kama kawaida. Kwenye mkataba mwenye pikipiki hajui habari ya matengenezo, kijana anatakiwa alete hela kila siku mpaka muda wa mkataba uishe pikipiki iwe yake, injini ikifa katikati ndio basi tena, anaachia pikipiki na hela yote aliyokwishalipa.

Halafu kuna tairi. Mhariri, gazeti lako linaandika sana ajali za bodaboda, mwendokasi, helmeti, mishikaki, na ni kweli kabisa, lakini hii ya oili kwenye tairi sijaiona ikitajwa. Bolti ya oili iko chini ya injini na tairi la nyuma liko hapohapo nyuma yake, upepo ukiwa unavuma kutoka mbele unaisambaza ile oili inakwenda kwenye tairi na kwenye cheni. Kijana akilala kwenye kona, au akikanyaga breki kwenye lami yenye umande asubuhi, tairi linateleza na yeye hata hajui imekuwaje. Watu watasema alikuwa anakimbia. Inawezekana hakuwa anakimbia.

Sasa kwanini haya matundu yanakufa sana kwenye bodaboda kuliko gari la mtu binafsi. Sababu ya kwanza ni kwamba yanafunguliwa mara nyingi mno. Mtu mwenye gari la kwenda kazini anamwaga oili mara mbili tatu kwa mwaka, kijana wa boda anayefanya kazi kutwa anamwaga kila wiki mbili hivi, hiyo ni mara 26 kwa mwaka, pikipiki ikifika miaka minne hiyo bolti imeshafunguliwa na kufungwa mara zaidi ya 100 na mafundi tofauti tofauti, kila mmoja na mkono wake. Na bolti yenyewe ni chuma, lakini kesi ya injini, yaani lile ganda lake la nje, ni aluminiamu, ambayo ni laini. Chuma na aluminiamu vikishindana kinachokufa ni aluminiamu, ndio maana bolti unaikuta nzima kabisa lakini tundu limekwisha.

Sababu ya pili, na hii ndio kubwa, ni kukaza kupita kiasi. Huku kwetu kuna imani kwamba bolti ya oili inatakiwa ikazwe mpaka ilie. Utakuta fundi kashika spana namba 17, anaivuta kwa mikono miwili, mwingine anachomeka paipu kwenye spana ili apate nguvu zaidi. Pikipiki ndogo nyingi bolti ile inatakiwa ikazwe kati ya Nm 20 na 30 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), namba kamili iko kwenye kitabu cha pikipiki yako. Najua wengi hawana toki wrenchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, na mimi sisemi kila kijiwe kinunue, lakini ukitaka kuijua Nm 25 kwa mkono ni rahisi, chukua spana ya urefu wa sentimita 20, ivute kwa nguvu ileile unayotumia kunyanyua mzigo wa kilo 12 au 13 basi, umefika. Hiyo ni mkono mmoja, bila kubana meno. Sasa ukichomeka paipu ikawa sentimita 60 na ukavuta kwa nguvu ileile unakuwa umepeleka mara tatu, yaani Nm 75 kwenye aluminiamu. Haipasuki siku hiyohiyo, inavutika kidogo, siku nyingine inavutika tena, mpaka siku ya siku fundi wa mwisho anaigusa tu kidogo inazunguka bure, na lawama zote zinamwangukia yeye wakati walioiua ni wale kumi waliomtangulia.

Ukiifungua siku hiyo unaona jambo lenyewe kwa macho, bolti inatoka na uzi mwembamba unaong'aa umejisokota kwenye meno yake kama springi ya kalamu, ule uzi ndio thredi za kesi ya injini zimekuja zote na bolti. Ukiona hivyo usiirudishe bolti ukakaza tena, hapo hamna cha kushika.

Ya tatu ni bolti isiyo yake. Mtu anapoteza bolti anakwenda dukani anaomba bolti ya 12, yaani unene wa milimita 12, anapewa ya 12, anaifunga zamu mbili za kwanza inaingia, ya tatu inakuwa nzito, anachukua spana anailazimisha. Kumbe kuna 12 ambayo meno yake yamepishana milimita 1.25 na kuna 12 ya milimita 1.5, kwa macho zinafanana kabisa, ukiilazimisha moja kwenye tundu la nyingine inakula njia yake mpya na kuua ile ya zamani. Kuzitofautisha huhitaji kifaa, chukua bolti ya zamani na mpya zilaze ubavu kwa ubavu meno yaingiliane, halafu ziinue kwenye mwanga, kama ni mamoja yatalala sawasawa mwanzo mpaka mwisho, kama sio mamoja utaona mwanga unapita katikati.

Na kuna kuingiza bolti upande, hasa fundi akiwa amelala chini ya pikipiki haoni vizuri, anaanza na spana moja kwa moja. Bolti hii inaanzwa na vidole. Izungushe kwanza kinyumenyume taratibu mpaka usikie kama imeshuka kijino, tik, halafu ndio uipeleke mbele, ikiwa imeingia sawa itakwenda kwa vidole karibu mpaka mwisho, spana inakuja kumalizia tu. Vidole vikishindwa kuna tatizo, simama hapohapo.

Lakini Mhariri naomba hapa nisemee kitu kimoja kwa herufi kubwa kama ikiwezekana. THREDI HAZIZUII OILI. Kinachozuia oili ni washa, kile kipete bapa kinachokaa chini ya kichwa cha bolti. Kazi ya thredi ni kuivuta bolti ikae chini imgandamize washa, na yule washa laini wa shaba au aluminiamu ndio anabonyea kujaza vile vimikwaruzo vyote kati ya kichwa cha bolti na kesi, oili ikakosa njia. Na pale chini oili haina presha ya pampu, imekaa tu kwa uzito wake, kwahiyo haihitaji nguvu za ajabu kuizuia, inahitaji washa mzima na sehemu safi ya kukalia. Sasa washa akishabonyezwa mara moja mara mbili anakuwa mgumu hana tena ule ulaini, oili inaanza kutokeza unyevu, fundi badala ya kubadili washa anaongeza kukaza, wiki mbili mbele inatokeza tena anaongeza tena, na hivyo ndivyo tundu linavyokufa. Yaani ukifuatilia pikipiki nyingi zilizokufa thredi utakuta mwanzo wake ni washa ambaye hakubadilishwa, na bei yake haifiki hata ya soda.

Na kama uko mahali washa mpya hapatikani na wako ni wa shaba, upo ufundi wa zamani ambao wazee waliotufundisha waliutumia sana, unamshika na koleo unamweka kwenye moto wa gesi au jiko mpaka awe mwekundu, halafu unamtumbukiza kwenye maji, shaba inarudi kuwa laini. Chuma ukikifanya hivyo kinaweza kuwa kigumu zaidi lakini shaba inalainika. Ila msifanye hivyo kwa washa wa aluminiamu, ataisha kwenye moto, huyo ni wa kubadilisha tu.

Sasa nije kwenye hizi dawa za kienyeji maana ndio zimenifanya nichukue kalamu. Sabuni ya mche: watu wameizoea kwenye tenki la petroli maana petroli haiiyeyushi haraka, wanadhani na kwa oili ni hivyohivyo, wakati kesi ya injini inapata moto sana, sabuni inalainika inatoka, na nyingine inaingia ndani kwenye oili. Tepu nyeupe ya mafundi bomba: hii ndio naichukia kuliko zote, maana kwanza haijazi thredi iliyokufa, pili vipande vyake vinakatika vinachukuliwa na oili vinakwenda kukaa kwenye jali, yaani chujio la kunyonyea oili, jali likiziba pampu haipati oili, kwahiyo umezuia tone chini na umeua injini juu. Gundi ya chuma, ile ya mirija miwili ya kuchanganya, wanaipaka bolti yote wanaipachika: inazuia ndio, siku kadhaa, lakini siku ya kumwaga oili haifunguki, kijana anaambiwa asimwage aongezee tu, anatembea na oili nyeusi kama lami miezi. Na wapo wanaochukua bolti nene zaidi yenye ncha inayojikatia njia yenyewe, wanaipigilia kwa nyundo kisha wanaizungusha. Hiyo inakata njia iliyopinda, inasukuma vipande vya aluminiamu ndani ya injini, na mara nyingine inapasua kesi kabisa, mpasuko mwembamba wa nywele unaotoka kwenye tundu kwenda pembeni. Ikifika hapo hakuna tena habari ya bei ya soda.

Ilikuja pikipiki moja hapa karibuni, kijana mpole tu, amepewa kwa mkataba, pale chini nilikuta tepu, juu ya tepu gundi, juu ya gundi kipande cha mpira wa tyubu kimefungwa na waya kuzunguka kesi. Kavumilia hivyo huku akinunua oili kila siku kuongezea. Nilipomwambia tukae chini tupige hesabu ya oili aliyokwishaongeza alinyamaza, maana kwa hela hiyo tundu lingeshatengenezwa na chenji ingebaki.

Sasa dawa yake ya kweli ni ipi. Kwanza kabisa uwe na uhakika oili inatoka kwenye bolti, maana oili ina tabia ya kutoka juu, ikatambaa kwenye kesi na kuja kudondokea kwenye bolti kwa sababu ndio sehemu ya chini kabisa, watu wanaisingizia bolti kumbe ni sili ya shafti ya gia au gaskiti ya kava la klachi. Osha kote chini na petroli injini ikiwa imepoa, futa pakauke kabisa, nyunyizia poda ya mtoto, washa pikipiki iache dakika chache kisha nenda nayo kidogo, rudi uangalie, poda itakuonyesha njia ya oili ilikoanzia. Nimeona watu wanabadilishiwa bolti mara tatu wakati sili ndio inavuja.

Ikiwa ni bolti kweli, mwaga oili injini ikiwa na uvuguvugu, isiwe ya moto sana, kwa sababu aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma na tundu la moto linajeruhika kirahisi, mbali na kuungua mkono. Safisha tundu, mulika na tochi. Kama meno ya tundu yapo yote na ya bolti ndio yameliwa, una bahati, nunua bolti mpya na washa mpya umemaliza. Kama meno ya tundu yamelala kidogo, pitisha tapu, kile chuma cha kukatia meno ndani ya tundu, ya saizi yake kwa mkono, taratibu, nusu zamu mbele robo nyuma, yananyooka. Hapo wengi wanaponea.

Kama meno yameisha kabisa ndio inabidi kuchagua. Njia rahisi ni kupanda saizi, kutoka 12 kwenda 14, unatoboa kwa biti ya drili ya 12.5, unapitisha tapu ya 14 kwa 1.5, halafu unafunga bolti ya oili ya saizi hiyo, ambayo inapatikana kwenye maduka ya spea maana gari za Honda zinatumia hiyohiyo. Ni njia nzuri lakini angalia nyama iliyobaki pembeni ya tundu, kesi nyingine pale ni nyembamba, na kumbuka ukishapanda mara moja hakuna sana pa kupanda tena.

Njia ninayoipenda mimi ni kuweka bushi ya chuma, yaani kibomba kifupi chenye meno nje na ndani. Unatoboa kwa biti ya 14.5, unapiga tapu ya 16 kwa 1.5, unamwomba mchonga vyuma akuchongee bushi nje ina meno ya 16 ndani ina meno ya 12 ya bolti yako ya asili, unaipaka gundi ya thredi ile inayovumilia joto na oili, unaizamisha, unaiacha ikauke kama maelekezo ya gundi yanavyosema. Kuanzia siku hiyo bolti inafungua na kufunga kwenye chuma, sio kwenye aluminiamu, inaweza kufunguliwa miaka na miaka. Kuna zile springi za chuma kisichoshika kutu pia, wenyewe wanaziita helikoili, kanuni ni hiyohiyo ya kulipa tundu laini meno magumu, na hata kwenye injini za ndege zinatumika, kwahiyo mtu asije akasema kuweka meno mapya ni ujanjaujanja. Tatizo lake ni kuzipata, na tapu yake ni ya peke yake.

Kwenye bushi kuna kitu kimoja ambacho mafundi wengi wanakosea na oili inaendelea kuvuja wakasema bushi haifai. Bushi isitokeze nje hata kidogo, iishie ndani ya uso wa kesi kiasi cha unene wa kucha. Ikitokeza, washa anakalia bushi tu, oili inapita kati ya bushi na kesi kwa nje yake. Ikizama kidogo, washa anakalia kesi yenyewe, na kwa kuwa washa wa bolti ya 12 upana wake wa nje unakuwa kama milimita 18 mpaka 20 na bushi ni 16, anafunika ule mpaka wote. Hiyo ndio siri ya kazi nzima.

Na vumbi la aluminiamu linalotoka ukitoboa. Paka grisi nyingi kwenye biti na tapu ili vipande vinase kwenye grisi, toa futa, paka tena, usiwe na haraka. Usidanganyike kwamba utapitisha sumaku, sumaku haishiki aluminiamu. Ukimaliza, kabla ya kufunga bolti, mimina kwa juu kama nusu lita ya oili safi ya bei ndogo iache itokee kwenye tundu inaondoka na uchafu, rudia mpaka inayotoka iwe safi ukiipangusa kwenye kidole husikii mchanga. Ukiweza kulifungua kava na kusafisha jali, bora zaidi. Kuchomelea aluminiamu nako kupo, lakini kunahitaji mashine ya gesi ya agoni na mtu anayejua, maana kesi ikipata joto vibaya inapinda, hiyo mimi naiacha iwe ya mwisho kabla ya kununua kesi nyingine.

Kwa wenye gari nisiwasahau, maana na wao yanawakuta. Hizi Toyota ndogo zilizojaa mjini, IST na ndugu zake, bolti ya oili ni 12 kwa 1.25, inafunguliwa na spana namba 14, na inakazwa Nm 38 hivi. Uzuri wa gari ni kwamba sampu nyingi, yaani lile bakuli la oili chini ya injini, zinafunguka peke yake, unaweza kuitoa ukaifanyia kazi mezani au ukatafuta ya mtumba ukabadilisha. Ila angalia sampu yako ni bati au aluminiamu, za bati zina nati imechomelewa kwa ndani, ile nati ikiliwa inaweza kuchomelewa nyingine, sampu ikiwa imetolewa na kuoshwa oili yote isije ikawaka.

Mhariri, nisingependa barua hii iishie kwenye ufundi tu. Maduka ya spea naomba muweke hizi washa kaunta pale mbele, kila anayenunua chupa ya oili mwambie na washa yake hii, faida yenu ni ndogo lakini mtakuwa mmeokoa injini. Mabosi wa mikataba, pikipiki ni yenu mpaka siku mnaikabidhi, tundu likiliwa kijana akija kuwaambia mkubali kuchangia siku hiyohiyo, kuliko kumwambia hiyo ni shida yako halafu injini ikifa wote mnakosa. Vijana wangu wa boda, kila asubuhi kabla ya kupiga kiki inama uangalie chini palipolala pikipiki, angalia na stiki ya oili au kile kioo cha pembeni pikipiki ikiwa imesimama wima, haichukui hata dakika. Na ukimwaga oili simama pale uangalie fundi anavyofunga, ukiona anachomeka paipu kwenye spana mzuie, ni haki yako, usimwonee aibu.

Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nawaheshimu sana, najua mna utaratibu wa kuwatambua na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mitaani, naomba kwenye ule usaili na yale mafunzo mafupi mweke hiki kipengele, kukaza kwa kipimo, kubadili washa, kutumia tapu. Vijana wengi wa vijiweni wana akili na mikono mizuri sana, hawajawahi tu kushika tapu maisha yao yote, hawajui hata kama ipo, ndio maana wanakimbilia sabuni. Vikundi vya boda navyo vina michango yao ya wiki, seti moja ya tapu tatu na biti zake ikinunuliwa na kijiwe kizima ikakaa kwa fundi wao mmoja anayeaminika, pikipiki zote za kijiwe kile zimepata tiba.

Kama nafasi ni ndogo Mhariri kata popote utakapoona panafaa, lakini nakuomba usikate pale nilipoeleza habari ya washa.

Wako msomaji,
Fundi pikipiki,
Mbagala, Dar es Salaam.